Kinywa cha Mama Emilienne

Sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Bugali haujamegwa, sombe ya majani ya muhogo haijaguswa, samaki wa Lualaba amelala na macho yake yote mawili. Aurélie akaikagua sahani ile kama askari wa bariyeri ya barabarani anavyokagua mzigo wa mwenye baiskeli, kisha akamkagua aliyeibeba.

"Mama amekataa tena?"

"Amekataa, yaya," Falone akajibu, macho chini. Yaya, yaani dada mkubwa, ndivyo alivyomwita wifi yake.

"Na ni wewe ndiye ulipika."

"Ni mimi."

"Sawa," akasema Aurélie. Lakini haikuwa sawa hata kidogo, na wote wawili walijua.

Aurélie alikuwa muuguzi. Miaka kumi na tisa katika sentre ndogo ya afya pale Kasongo, na watu wa mtaa walimwita muganga, naye hakuwahi kuwasahihisha. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na macho mengi. Mgonjwa akidanganya kwamba amemeza vidonge, Aurélie alijua kabla hajamaliza sentensi. Basi kwa macho hayohayo alikuwa anamtazama Falone, mke wa mdogo wake, tangu mama yao alipoanza kukonda.

Mama Emilienne alikuwa na miaka sabini na minane, mjane, kiongozi wa wamama wa kanisa. Pasaka alikuwa na kilo hamsini na nne. Sasa, mvua zikianza tena, Aurélie alimpima akakuta arobaini na tano, na kitenge kilichokuwa kinambana kiunoni kinamzunguka mara mbili. Akiongea, anajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Akikaa karibu nawe, unasikia harufu, jamani, harufu ya kitu kinachooza mbali ndani. Aurélie aliisikia harufu ile na moyo ukamwambia: ni tumboni. Mtu amemtia kitu tumboni.

Na mtu gani mwingine alikuwa anapika?

Falone hakuwa mtu wa Kasongo. Nathanaël, mdogo wake Aurélie, hununua dhahabu kwenye machimbo upande wa Kabambare, na huko ndiko alikomtoa. Wazazi wa msichana walikuwa wametoka Kivu kufuata dhahabu, baba akachimba, mama akafungua kibanda cha chakula. Sasa watu wa Kasongo wana maneno yao juu ya watu wa machimbo: wametoka pande zote, hakuna anayejua bibi wa nani alikuwa nani, na kinywaji cha mkono wao usikiguse mpaka wakionje wenyewe kwanza. Kazini Aurélie huyacheka maneno hayo, na wagonjwa wakimwambia wamelishwa sumu huwaandikia dawa ya minyoo na kuwafukuza. Nyumbani hakucheka. Mganga hajigangi.

Usimwone mjinga. Alianza na vipimo. Alimchukua mama yake sentre, yeye na mwenzake Lwamba wakampima palu, yaani malaria: hana. Tifoide: hana. Tansio, msukumo wa damu, nzuri kuliko ya Aurélie mwenyewe. Moyo, mapafu, tumbo, vyote vilisikilizwa na kubonyezwa.

"Mzee akikataa kula," Lwamba akasema huku anafunga fishi ya mgonjwa, "ni palu, ni tifoide, ama ni uzee. Za kwanza mbili hazimo."

"Huyu haiko uzee. Mama yangu namjua."

"Basi umeshajua ni nini," Lwamba akasema, akashusha sauti ingawa chumbani walikuwa wawili tu. Aurélie alikwenda na neno lile nyumbani.

Kuanzia hapo alianza kuvizia. Hakuwa na haja ya kwenda mbali. Nyumba yake na ya mama zinatazamana uani. Aliona mambo. Aliona kwamba mbele za watu Mama Emilienne anasukuma sahani, lakini Falone akiingia naye chumbani na kufunga mlango, bakuli la uji hutoka limepungua. Kwa nini mlango ufungwe? Mkamwana gani hufunga mlango na mama mkwe wake? Kwa desturi mkamwana humwonea mama mkwe haya, hata kumtazama usoni hamtazami sana. Huyu anajifungia naye, tena kila siku, baada ya chakula cha mchana.

Siku moja alisogea mpaka ukutani. Akasikia maji yanamwagwa kwenye beseni. Akasikia mama yake anaugua kidogo, kama mtu anayetolewa mwiba. Halafu sauti ya mama, nzito, yenye kuomba: "Falone, usimwambie Aurélie. Umeapa."

"Nimeapa, mama."

Ee! Damu ilimpanda Aurélie. Mama anaomba kwa nani, ndani ya nyumba yake mwenyewe? Anaapisha juu ya nini? Alisimama pale ukutani, jua la saa nane likimchoma kichwa, akaamini kabisa kwamba mama yake ametekwa akili. Mwenye kulishwa vitu, wanasema, humpenda anayemlisha.

Kesho yake akaenda Nyangwe. Muuguzi wa serikali, mwenye diploma ukutani, alipanda pikipiki mpaka Nyangwe kwa mzee Abdallah auzaye dawa ya kutapisha sumu, na njia nzima alijifunika kilemba asitambulike. Mzee akampa chupa ya maji meusi. Majivu, pilipili, majani ambayo hakuyataja. Aurélie akamnywesha mama yake kijiko cha kwanza, na Mama Emilienne akapiga yowe lililotoa majirani nje. Akatema. Akashika mashavu kwa mikono miwili, machozi yakimtiririka.

"Munaona?" Aurélie akawaambia majirani. "Sumu imekutana na dawa."

Falone alikuja mbio na kikombe cha maji baridi. Aurélie akakipiga kikombe kikaanguka.

Siku mbili baadaye Falone alikwenda mtoni kufua, na Aurélie akaingia chumbani kwa mama aliyekuwa amesinzia. Akapekua. Chini ya kitanda, nyuma ya sanduku la nguo za kanisa, akakuta chupa ndogo ya maji yaliyokosa rangi, na kitambaa cheupe kimefungwa fundo. Akafungua fundo. Kitambaa kilikuwa na damu, na ute mweupe, na ile harufu.

Hakulia wala hakupiga kelele. Alitoka akampigia simu mjomba.

Mjomba Zéphirin, mdogo wa Mama Emilienne, ndiye mwenye sauti katika ukoo ule. Alikuja alasiri na watu wake, wakakaa uani, viti tisa na watu tisa. Simu ya Nathanaël haikupatikana. Kule machimboni ukitaka mtandao unapanda mlima. Wakasema wataanza bila yeye. Mama Emilienne alitolewa nje akakalishwa kwenye kiti chenye mgongo, kitenge mdomoni. Chupa na kitambaa vikawekwa juu ya kinu kilichogeuzwa, kila mtu aone.

"Hii ni nini?" mjomba akauliza.

"Ni maji ya chumvi," akasema Falone. Alikuwa amesimama, mtoto wake Cadette wa miaka sita ameshika sketi yake.

"Ya kufanyia nini?"

Falone akamtazama mama mkwe wake. Alimtazama kwa muda, na watu wote tisa wakageuka kumtazama pia. Mama Emilienne akavuta kitenge juu zaidi, hadi puani.

"Siwezi kusema," Falone akasema.

"Ah!" Watu wakaguna. Mjomba Zéphirin akaichukua chupa akamnyooshea. "Kama ni chumvi, kunywa."

Falone akaipokea, akainywa yote, akaonyesha kwamba iko tupu. Mngedhani yameisha? Mwanamke mmoja wa ukoo akabetua mdomo: "Watu wa machimbo wanakunywaga dawa ya kuzuia kwanza, asubuhi. Hata ukiwapa pipa watamaliza." Na wengine wakatikisa vichwa kwamba ni kweli, wamesikia hivyo. Basi angekataa kunywa, ni mlozi, yaani mchawi. Amekunywa, ni mlozi aliyejitayarisha. Aurélie aliuona upungufu wa hoja ile, maana hakuwa mjinga, lakini akanyamaza kwa sababu ilikuwa inaelekea alikotaka.

"Dada yangu," mjomba akamwinamia Mama Emilienne, "sema wewe mwenyewe. Huyu mutoto anakufanyiaga nini humo ndani?"

Mama Emilienne akatikisa kichwa polepole. Wengine wakasoma kwamba ameogopa. Wengine wakasoma kwamba ulimi umefungwa. Machozi yalimshuka yakaingia kwenye kitenge.

Jua halijazama, Falone alikuwa amefunga nguo zake na za mtoto katika shuka moja. Pikipiki ya kwenda Kabambare ilikuwa inangoja langoni. Hakutukana mtu. Alipompita Aurélie akasimama.

"Yaya, usimupe vitu vya moto. Na umuangalie."

"Nimuangalie nini?"

"Umuangalie tu. Wewe ni muganga."

Aurélie alilichukua neno lile kama kejeli. Akatema mate pembeni.

Sasa akapika mwenyewe. Alinunua samaki mwenyewe, akachota maji mwenyewe, akatwanga sombe mwenyewe, ufunguo wa jiko shingoni. Alipeleka sahani kwa mama yake kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Sahani ikarudi kama ilivyokwenda.

Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu hata uji mama aliugeuzia uso, na shavu la kulia likaanza kuvimba. Aurélie akamshuku mwuza samaki. Akalishuku tanki la maji la jirani. Akamshuku hata mjomba Zéphirin, ambaye alikuwa ameshika kikombe cha mama siku ile ya kikao. Kila aliyemfikiria alimkuta na sababu. Kisha akakaa kwenye ngazi ya jiko, ufunguo shingoni, akaona kwamba kila kitu kilichopita kinywani mwa mama yake kwa siku tatu kilitoka mkononi mwake yeye peke yake. Kama kuna mlozi aliyebaki uani pale, ni yeye.

Siku ya nne, homa. Saa tisa mchana Mama Emilienne alikuwa amelala chali, anapumua kwa shida, kitenge kimeanguka. Aurélie alikuwa anamkanda kwa kitambaa cha maji. Kinywa cha mama kikafunguka chenyewe kwa usingizi wa homa, na meno ya juu, safu nzima, yakashuka.

"Yesu wangu!"

Yalishuka yakakaa juu ya ulimi. Aurélie alidhani sumu imeng'oa meno. Mama akaanza kupaliwa, koo likikoroma, na hapo mkono wa Aurélie ukaenda wenyewe, vidole viwili ndani, ukayavuta. Yakatoka yote kwa pamoja, yamepangwa juu ya kipande cha rangi ya waridi kilichopinda. Nyuma yake ikatoka harufu.

Inabidi niwaambie habari ya meno haya. Miaka minne nyuma Mama Emilienne alikwenda Bukavu kwenye msiba akiwa na pengo kubwa juu, akarudi na safu nzima ya meno meupe. Kasongo yote ilikuja kutazama. Alisema fundi wa meno amempandia mapya, akafunga mjadala. Tangu siku ile akawa anawacheka wamama wenzake wa kwaya: "Nyinyi munatafuna kwa ufizi kama watoto wa kunyonya." Aurélie, pamoja na diploma yake, aliamini yamepigwa mle ndani kama misumari, yamekwisha. Hakujua kwamba huvuliwa. Hakujua kwamba yanapaswa kuvuliwa kila jioni yaoshwe, na ufizi upumzike. Nani angemwambia? Katika miaka ya shule kinywa kilipata somo moja, mchana wa joto, na mwalimu alilimalizia kwenye kung'oa. Watoto aliwaambia kila siku "fungua kinywa" aone koo. Mzee, hata mmoja, hajawahi. Wazee wa kwao husema mtoto hachungulii kinywa cha mzazi, maana humo hutoka baraka na laana, na Aurélie alikuwa ameichukua desturi hiyo akaingia nayo kazini bila kujua kwamba ameibeba.

Sasa akachungulia. Akawasha taa ya simu. Paa la kinywa lilikuwa jekundu kama limeunguzwa, na juu yake utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Ukingo wa kile kipande ulikuwa umechimba ufizi, kidonda kirefu chenye usaha. Na pale ilipopita dawa ya Nyangwe, ngozi ilikuwa imebambuka. Huyu ndiye aliyekuwa anaambiwa amege bugali. Huyu ndiye aliyenyweshwa pilipili na binti yake mganga.

Mama akafumbua macho. Akapapasa mdomo, akaukuta mtupu, akaufunika kwa mikono miwili akalia kwa sauti.

"Nirudishie meno yangu. Aurélie, nirudishie, watu wasiingie."

"Mama, Falone alikuwa anajua?"

Mama akaitikia kwa kichwa: "Aliniona nikiyaokota siku moja. Alifanya kazi kwa masista, kwenye nyumba ya wazee, aliwaoshaga vinywa. Akawa ananiosha kwa chumvi. Alisema nikuambie wewe. Mimi nikamuapisha, kwa kichwa cha Cadette, asiseme."

"Na siku ile, mbele ya mjomba? Juu ya nini haukusema?"

"Ningesema, wangeniambia nifungue kinywa." Mama Emilienne akageukia ukuta. "Niliwacheka wenzangu miaka mine, Aurélie."

Aurélie alikasirika. Alitaka kumtikisa mama yake mabega, mgonjwa vile vile alivyo. Halafu hasira ikageuka ikamrudia, ikakaa kifuani mwake, maana mama alificha, ndiyo, lakini yeye alikuwa na macho na taa na kazi ya kuangalia. Alilia mbele ya mama yake kwa mara ya kwanza tangu kifo cha baba.

Lwamba alimpigia simu daktari wa hospitali kubwa, naye akataja dawa: ya kuvu ya kinywa, ya usaha, maji ya chumvi ya vuguvugu mara nne kwa siku, na meno yakae nje. "Mimi pia sikujua," Lwamba akakiri, akikuna shingo. "Nilifikiri hizo zinakaaga ndani mpaka kufa." Wakatazamana kwa haya, waganga wawili. Baada ya wiki Mama Emilienne alikula uji bakuli zima, baada ya mbili akaomba sombe laini.

Ndipo Aurélie akapanda pikipiki kwenda Kabambare. Barabara ile haina huruma. Siku nzima ya matope na madaraja ya magogo, akafika amechafuka mpaka nyusi. Alimkuta Falone kwa mama yake, nyuma ya kibanda cha chakula, anaosha sufuria. Mbele kulikuwa na viti kumi na mteja mmoja.

"Mama anaendelea namna gani?" Falone akauliza kabla ya salamu.

"Anakula."

"Kidonda cha upande wa kulia kimekauka?"

"Kimekauka." Aurélie akapiga magoti pale kwenye majivu. "Falone, nimekuja kukuomba musamaha."

Falone aliendelea kusugua. "Uliniita mulozi mbele ya watu tisa, yaya. Leo unaniomba musamaha nyuma ya jiko, tuko wawili. Wenye pikipiki walifikisha neno hapa kabla yangu. Viti umeviona. Masomoni watoto wanakataa kugawana muhogo na Cadette."

"Unataka nifanye nini?"

"Sijui. Mimi si muganga."

Aurélie alirudi na jibu hilo akampa mama yake kama alivyopewa, bila kulilainisha. Mama Emilienne alikaa nalo siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Umwambie aje kanisani Jumapili. Hata akae karibu na mulango."

Nathanaël ndiye aliyemleta. Alikuwa ameteremka kutoka machimboni akiwa amesikia yote, na hakumsalimia dada yake wala mjomba. Wakakaa benchi la mwisho, Falone na shuka lake la nguo magotini, tayari kuondoka.

Matangazo yalipoanza, Mama Emilienne akasimama. Akatembea mpaka mbele, mkongojo mkono mmoja, kitenge mdomoni. Akawageukia watu. Akashusha kitenge, akafungua kinywa, wazi, kadiri taya ilivyoweza, akasimama hivyo.

Vijana wa kwaya wakacheka. Benchi la wamama likafuatia, maana walikuwa na deni lao la miaka minne. Mama Emilienne akangoja mpaka wa mwisho akanyamaza.

"Munaona huku juu hamna kitu," akasema. "Yale meno yalikuwa ya kuvua. Yalinioza humu ndani, mimi nikaficha. Falone alikuwa ananiosha uchafu ambao mutoto wangu mwenyewe hajawahi kuona. Wakamuita mulozi. Mimi nilikuwa nimekaa pale, ninasikia, na nilinyamaza ili nisichek­we. Muovu katika nyumba ile alikuwa mimi." Akavuta pumzi. "Aurélie, simama na wewe."

Aurélie alisimama. Mbele yake walikaa watu aliowapiga sindano, aliowazalisha, aliowafokea.

"Mimi nilimshitaki," akasema. "Hakuwa na kosa hata moja. Mimi nina miaka kumi na tisa katika kazi, na sijui kinywa cha mzee. Sikujifunza, na sikuuliza. Mama yangu alikuwa anakufa kwa njaa mbele yangu, mimi nikatafuta mulozi."

Mchungaji alifungua kitabu, akakifunga. Mjomba Zéphirin alikuwa anatazama viatu vyake.

Kisha mzee Christophe wa benchi la mbele, fundi wa baiskeli aliyeacha kazi, akainuka kwa shida. "Muganga," akasema, "mimi ni mwaka wa pili situmii upande wa kushoto. Kwenye sentre munanipa dawa ya palu." Akafungua kinywa. Nyuma yake bibi mmoja akainuka, akisema ufizi wake unatoka damu kila asubuhi, alidhani ni dhambi. Halafu mwingine, na mwingine, wazee wa Kasongo wamesimama katikati ya ibada na vinywa wazi, wanamtazama Aurélie. Na Aurélie alichungulia kinywa cha mzee Christophe, akaona weusi na uvimbe, asijue aanzie wapi.

Akainua kichwa kuelekea mlangoni.

"Falone," akaita. "Njoo unioneshe."

Falone hakusogea. Kanisa zima lilikuwa limegeuka, linatazama mikono yake. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka Aurélie akaamini kwamba hatakuja, na kwamba ana haki. Kisha Falone akaliweka shuka magotini mwa Nathanaël, akapita katikati ya mabenchi, akasimama mbele ya mzee Christophe. Hakumtazama wifi yake. Alimwinua mzee kidevu kwa vidole viwili, akamgeuza kuelekea mwanga wa dirisha.

"Nawa mikono kwanza, yaya," akasema.

Aurélie akatoka nje kutafuta maji.